Mieleka Iliyogoma Kufutika

Baba Pacha ni fundi makochi. Karakana yake ni kibaraza cha mbele cha nyumba yao. Asubuhi utamkuta amepiga magoti, misumari midogo ameibana kwa midomo, anavuta kitambaa kwa mkono mmoja na kugonga nyundo kwa mkono mwingine. Mkewe, Mama Pacha, ni dobi. Anapigia watu pasi katika chumba cha pili. Pacha wao wako shule ya bweni. Nyumbani wamebaki watatu: fundi, dobi, na Bibi, yaani mama mzazi wa Mama Pacha.

Bibi alikuwa mtu wa maneno. Akianza kusimulia jambo, chai ilipoa vikombeni na hakuna aliyejali. Lakini miezi minane iliyopita alipata kiharusi. Mkono wa kulia ulilegea. Maneno yakakatika. Bibi alijua anachotaka kusema, ila ulimi haukumtii.

Baba Pacha alimtengenezea mama mkwe wake kiti. Alikipandisha juu kidogo ili asipate taabu kuinuka. Upande wa kulia alishona mto mnene wa kulaza ule mkono uliolegea.

Hospitalini walikutana na mtaalamu wa usemi. Kazi yake ni kuwafundisha watu kusema upya. Alikuwa anafika pale siku moja tu kwa mwezi, Alhamisi ya mwisho. Aliwapa mazoezi ya kila siku, kisha akawaambia:

"Mrekodini kwenye simu. Hata akitoa sauti moja, rekodini. Nikisikiliza zote kwa mfuatano, najua ulimi wake unaelekea wapi. Bila sauti hizo nabahatisha tu."

Basi wakawa wanarekodi. Simu ilikuwa ya Baba Pacha, kwa sababu mkewe alikuwa na kasimu ka vitufe kasikoweza mambo mengi. Walikuwa na sauti ishirini na tatu. Ya kwanza ilikuwa "mma" tu. Ya kumi na moja ilikuwa "maji". Siku ile Mama Pacha aliacha pasi juu ya shati la mteja, akakimbilia maji, na shati likaungua kola. Hakujuta hata kidogo.

Jumatano moja asubuhi, siku moja kabla ya kwenda kwa mtaalamu, Mama Pacha alimpelekea mama yake chai. Bibi akaonja. Akakitoa kikombe mdomoni haraka.

"Moto!" alisema.

Alilisema neno zima, bila kukatika.

"Baba Pacha!" mkewe alipiga kelele. "Lete simu! Mama amesema!"

Baba Pacha alitema misumari kiganjani, akaingia mbio. Akafungua simu, akabonyeza pa kurekodia. Skrini ikaandika: *Hakuna nafasi ya kutosha.*

Akabonyeza tena. Maneno yakawa yale yale.

"Nafasi imekwenda wapi?" aliuliza Mama Pacha.

Baba Pacha akakuna kisogo. "Labda ni ile mieleka."

"Mieleka gani?"

"Ile niliyopakua Jumapili. Pambano refu, la saa tatu nzima. Nilitaka niangalie kidogo kidogo nikiwa kazini."

Mama Pacha akamtazama mumewe kuanzia kichwani mpaka miguuni. "Kwa hiyo vibonge wawili wanaogaragazana ndio waliokalia nafasi ya mama yangu?"

"Nafuta sasa hivi, mke wangu. Sasa hivi."

Alifungua mahali pa picha na video. Akaiona mieleka, akafuta. Alipotazama tena, mieleka ilikuwa bado ipo. Kibonge yule yule, bukta nyekundu ile ile. Akafuta mara ya pili. Ikaonekana tena. Alipojaribu mara ya tatu, simu ikakataa: *Imeshindikana kufuta.*

"Hili faili lina kichwa kigumu!" alisema.

Akaanza kufuta vitu vingine. Akafuta picha za makochi aliyowahi kutengeneza, zile alizokuwa akiwaonyesha wateja. Roho ilimuuma, lakini akafuta. Nafasi haikuongezeka. Kidole chake kikafika kwenye sauti za Bibi, kikasimama hapo.

"Hizo usiguse," alisema Mama Pacha.

"Siwezi kuzigusa."

Saa tisa alasiri Baba Pacha alikwenda kwa fundi simu, kwenye kibanda chake kando ya duka la vifaa vya umeme. Fundi simu aliishika ile simu, akaigeuzageuza.

"Nitaifuta yote, mzee. Itakuwa kama imetoka dukani leo. Dakika kumi tu."

"Yote? Na sauti je?"

"Kila kitu kinaondoka. Picha, sauti, namba za watu. Nibonyeze?"

"Usibonyeze!" Baba Pacha aliinyakua simu mpaka fundi simu akashtuka. "Samahani, mwanangu. Humo kuna sauti ya mama yangu."

"Basi mimi nimeishia hapo," alisema fundi simu kwa upole. "Njia ninayoijua vizuri ni hiyo."

Baba Pacha alirudi nyumbani taratibu, simu ameishika kwa mikono miwili kama yai. Mlangoni alimkuta jirani yao anatoka kazini. Mama huyu anatunza mafaili ya wagonjwa katika masjala ya hospitali, na mtaa mzima unamwita Masjala. Ameitika jina hilo mpaka watu wamesahau lile la kuzaliwa.

"Shemeji, mbona uso umekunjamana hivyo?" alimwuliza.

Baba Pacha alimweleza yote. Masjala hakucheka. Alivua viatu, akaingia ndani.

"Shikamoo, Bibi."

Bibi aliinua mkono wa kushoto na kutabasamu. Hiyo ndiyo ilikuwa marahaba yake.

Baba Pacha akamnyooshea Masjala simu. Masjala akaikataa.

"Mimi sishiki. Utashika wewe, mimi nitasema. Nikifanya mimi, kesho ikijaa tena utanisubiri mlangoni."

Baba Pacha akagusa skrini. Haikuitikia. Akagusa tena, wapi.

"Hiyo ni gundi," alisema mkewe. "Vidole vyako vimejaa gundi ya sponji. Kanawe."

Akaenda kunawa, akarudi anajifuta kwenye suruali.

"Haya," alisema Masjala. "Kabla ya kufuta chochote, tunaweka nakala ya kile tunachokipenda. Kidole kinaweza kuteleza. Bibi, naomba sauti zako zilale kwenye simu yangu kwa leo. Unaniruhusu?"

Bibi akatikisa kichwa kukubali.

Walizituma sauti zote kwa blututhi, kutoka simu ya Baba Pacha kwenda simu ya Masjala. Hawakuhitaji bando. Mama Pacha alizihesabu moja moja. Ishirini na mbili. Akahesabu tena. Ishirini na tatu. Akakaa chini, akashusha pumzi.

"Sasa fungua mipangilio," alisema Masjala. "Tafuta neno *hifadhi*. Hapo simu inakuambia nani amekaa wapi."

Baba Pacha akasoma polepole. "Picha, kidogo. Sauti, kidogo sana. Video…" Akaisogeza simu karibu na macho. "Video zimechukua karibu nusu ya simu."

"Umeona? Sauti za Bibi hazina kosa. Ungezifuta zote usingepata nafasi ya maana. Sasa rudi nyuma. Tafuta alama ya faili, kama jalada la karatasi. Kwenye simu nyingine imeandikwa *Faili*, kwenye nyingine *Faili zangu*. Ukishaingia, fungua *Vipakuliwa*. Kila unachokitoa kwenye mtandao kinashukia hapo."

Akaipata. Mieleka ilikuwa pale, na mwishoni mwa jina lake palikuwa na tarakimu 2.

"Hiyo mbili ni ya nini?" aliuliza Masjala. "Jumapili ulibonyeza *pakua* mara ngapi?"

"Mara moja." Baba Pacha akafikiri. "Mtandao ulikuwa unasuasua. Niliona kimya, nikabonyeza tena. Halafu tena."

"Basi simu ikakutii mara tatu. Ulipakua mieleka mitatu inayofanana. Asubuhi ulipofuta mmoja ukamwona mwenzake, ukadhani amefufuka. Huyu ni wa tatu."

Mama Pacha akashika kiuno. "Vibonge sita, siyo wawili!"

Bibi akacheka mpaka mabega yakatikisika. Hata Baba Pacha akacheka, ingawa kwa aibu.

"Na huyu wa tatu kwa nini amekataa kufutika?" aliuliza.

"Uliiangalia ikaisha?"

"Niliifikisha nusu, mteja akaja."

"Basi bado iko wazi kule nyuma. Hata masjala yetu iko hivyo. Daktari akiwa na faili mezani kwake, siwezi kulipeleka ghalani. Lazima kwanza alifunge. Bonyeza kile kitufe kinachokuonyesha vyote ulivyoviacha wazi. Hiyo video, isukume juu itoke."

Akaisukuma. Akarudi kwenye Vipakuliwa, akajaribu kufuta. *Imeshindikana.*

Baba Pacha alimtazama mkewe, mkewe akamtazama Masjala.

"Msiogope," alisema Masjala. "Zima simu kabisa. Ihesabie mpaka thelathini, kisha iwashe. Ikiwaka, usifungue mieleka. Nenda moja kwa moja kwenye faili."

Walihesabu pamoja. Simu ikawaka. Baba Pacha alikiweka kidole juu ya jina la lile faili, akakituliza pale mpaka alama ya tiki ikatokea.

"Soma jina kwanza," alisema Masjala. "Usifute usichokijua. Kuna mafaili ambayo simu yenyewe inayategemea. Jina likikuchanganya, liache."

"Ni mieleka," alisema Baba Pacha.

"Futa."

Akafuta. Likaondoka. Mama Pacha akapiga makofi. Lakini walipotazama kwenye hifadhi, nafasi ilikuwa haijaongezeka hata kidogo.

"Jamani!" Baba Pacha alisema. "Wamekwenda wapi hawa?"

"Wako kwenye pipa la taka. Ukitupa karatasi kwenye pipa, chumba si bado kina karatasi? Pipa lazima likamwagwe. Simu inaviweka vitu hapo siku kadhaa, mara nyingi thelathini, kwa sababu binadamu tunajuta. Tafuta neno *tupio*."

Akalifungua tupio. Mieleka yote mitatu ilikuwa imejipanga humo. Na chini yake, Baba Pacha aliona kitu kilichomfanya aruke.

"Makochi yangu!"

Picha zote alizozifuta asubuhi zilikuwa pale. Kochi la buluu la mwalimu mkuu, kitanda cha sponji cha hoteli, viti kumi na viwili vya ukumbi.

"Usimwage pipa bado," alisema Masjala. "Chagua picha za kazi yako, bonyeza *rejesha*."

Akazirejesha. Ndipo akaichagua mieleka mitatu, moja, mbili, tatu, akaisoma majina kwa sauti, akabonyeza *futa kabisa*. Alipofungua hifadhi, giga sita zilikuwa wazi.

Baba Pacha aliegemea ukuta. Tangu asubuhi alikuwa hajala, na ndiyo kwanza akasikia njaa.

"Fundi simu alitaka kufuta kila kitu," alisema. "Kidogo tu sauti zote zipotee."

"Mshukuru Mungu, sasa sikia jambo la mwisho. Ukiona tangazo linakuambia 'simu yako imejaa, pakua hiki kikusafishie', usibonyeze. Mengine ni ya matapeli. Kazi hii umeifanya kwa kidole chako, bila kupakua chochote."

"Nimekusikia, shemeji."

Mama Pacha alichukua simu ajaribu kama inarekodi. Akabonyeza, namba za sekunde zikaanza kukimbia. Hakuna maandishi ya kukataa.

"Inaenda!" alinong'ona.

Masjala akainuka, akatafuta viatu vyake mlangoni. "Mimi nawaacha. Nyumbani hata maji sijateka. Bibi, nitakuona kesho."

Bibi alimwangalia. Akapapasa kiti kilichokuwa kando yake kwa mkono wa kushoto. Midomo ikajaribu mara moja, ikashindwa. Ikajaribu tena.

"Kaa," alisema Bibi.

Hakuna aliyesogea. Simu ilikuwa bado inarekodi mkononi mwa Mama Pacha.

"Kaa," Bibi alirudia, sasa kwa sauti ya mwenye nyumba.

Masjala akavua tena kiatu alichokwisha kukivaa, akarudi kukaa.

Kesho yake walifika hospitalini mapema. Mtaalamu alisikiliza sauti zote kwa mfuatano, macho ameyafumba. Alipofika kwenye ya ishirini na nne akafumbua macho, akairudia mara mbili.

"Hapa kulikuwa na mgeni anaondoka?"

"Ndiyo, daktari," alijibu Mama Pacha.

"Basi hili si zoezi. Hapa ameongea na mtu." Akafungua daftari lake. "Tuache mazoezi ya neno moja. Kuanzia leo mtafanya maneno mawili mawili. Na lile neno la jana mliloniambia, moto, liko wapi?"

"Hilo halikurekodiwa," alisema Baba Pacha, akaangalia chini. "Kosa langu."

"Litasemwa tena. Chai mnakunywa kila siku."

Siku hizi kila Jumapili Baba Pacha hufungua Vipakuliwa, husoma majina, hufuta asichokihitaji, kisha humwaga tupio. Fundi simu naye alikuja kibarazani akaonyeshwa njia ile, na amekuwa akiwauliza wateja wake kwanza: "Kuna kitu humu unakipenda?" Mieleka Baba Pacha bado anaiangalia, ila kwa jirani mwenye televisheni.

Wiki mbili baada ya kutoka hospitalini, mchana, Mama Pacha alikuwa anakunja mashuka. Simu ilikuwa mezani, inarekodi zoezi la siku hiyo. Bibi alimtazama binti yake muda mrefu.

"Njoo hapa," alisema.

Mama Pacha aliliacha shuka likaanguka, akaenda.