Nyonga ya Kuazima

Majirani zangu, siku ile mjinga nilikuwa mimi, tena mjinga wa kucheka. Anyelo, mwana mdogo wa Fausto, alipanda pikipiki yangu kiupande, miguu yote miwili upande mmoja, nami nikapaza sauti mtaa mzima usikie: "Bibi harusi, shela umeiacha wapi?" Mtoto naye akacheka. Kumbe hakuweza kutanua paja.

Asubuhi ile nyumba ya kompadre wangu Fausto, niliyembatizia mtoto, hapa hapa mjini Consuelo, Jamhuri ya Dominika, ilikuwa imetulia. Mkewe Mireya alikuwa akiponda ndizi za mangú, muziki wa bachata unalia redioni, na mwana wao mkubwa, Welinton, amejilaza chali na barafu kwenye kinena. Welinton ni mdakaji wa besiboli, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji kutwa. Klabu moja ya Marekani ilikuwa tayari kumsajili, ila ilitaka kwanza kuona picha ya eksirei ya nyonga zake. Na Welinton alikuwa anachechemea.

"Aende Anyelo," Fausto akaninong'oneza. "Anafanana na kaka yake, na mifupa yake mizima kama ya mbuzi. Atasema yeye ndiye Welinton."

"Kompadre, wewe fundi!" nikamjibu. Ndiyo, nilimsifu. Msinitazame hivyo.

Hospitalini, nilikowafikisha kwa pikipiki, Daktari Peguero, mama asiyependa porojo, aliitazama picha kwenye kioo chake. Kisha akauliza, "Huyu kijana huchomwa sindano?"

"Hata moja!" Fausto akaruka.

"Kocha wetu, Don Chago, hutuchoma wote kambini kwenye besiboli," Anyelo akasema, macho sakafuni. "Anasema ni vitamini. Maumivu hupoa, tunarudi uwanjani."

Daktari akaweka kidole kwenye picha. "Kichwa cha mfupa wa paja hutakiwa kiwe duara, kizunguke vizuri ndani ya kikombe cha nyonga. Hapa kwenye shingo ya mfupa huo pana kinundu. Kila akichuchumaa, kinagonga ukingo wa kikombe na kuusaga. Hilo peke yake tungelitibu. Lakini ona hapa juu. Mfupa umekosa damu kwa sababu ya sindano hizo, umekufa, umebonyea kama yai lililogongwa. Huyu hatacheza tena."

Jamani, Fausto aliangua kicheko! "Daktari, umenitisha bure! Hiyo si nyonga ya Welinton!"

"Basi ya nani?"

Kicheko kilikatika kama uzi. Fausto akamgeukia mwanawe mdogo.

"Unaumwa, mwanangu?"

"Tangu Krismasi, papi."

"Mbona hukusema?"

"Barafu ilikuwa ya Welinton."

FUNZO

Wenzangu, mtoto si tiketi ya bahati nasibu. Mwanao akilalamika kinena, mpumzishe, mpeleke akapigwe picha, tena yake mwenyewe. Sindano usiyoijua jina isimguse. Na ukiwa na watoto wawili, usimtazame yule tu anayetarajiwa kuleta mkate. Anayenyamaza naye ana mwili. Welinton alipigwa picha yake baadaye. Kinundu alikuwa nacho, kikachongwa mapema, sasa anatembea sawasawa, ingawa ile klabu ilishakwenda zake. Anyelo anatembea kwa magongo, akisubiri akomae ndipo awekewe nyonga ya chuma.

Na kama unadhani haya ni ya nyumba moja, sikia. Juzi Don Chago alikuja barazani kwa Mireya, kofia mkononi, akitaka ayamalize.

"Doña, usinichafulie jina. Sindano zangu zimewafikisha vijana wangapi Marekani? Uliza mtaa mzima!"

Fausto alikuwa ameinamisha kichwa.

Mireya akafuta mikono kwenye aproni. "Waliofika unawahesabu wewe, Chago. Waliobaki tunawaogesha sisi."

Don Chago akavaa kofia yake.