Vema ya Kalamu Nyekundu

Hebu nikuulize wewe unayesikiliza: neno "ni mimi" lina uzito wa magunia mangapi, hata limshinde mwanamke mzima, mwenye duka lake na akili zake timamu, kulitamka mwaka mzima na mwezi juu?

Lilimshinda Ester, binti wa marehemu mzee Jonathan, mwenye lile duka la vyombo vya muziki nyuma ya soko kuu la Morogoro. Wala hakuwa mtu mbaya. Hilo nalisema mapema, maana mbele huko utataka kumchukia.

Ilianza Jumamosi moja ya Januari. Shule zinakaribia kufunguliwa, mji umefurika wazazi na mafurushi ya sare, na dukani kwa Ester watu wamebanana mpaka filimbi zinadondoka rafuni. Ester alivaa blauzi nyeupe na sketi ya kitenge chenye maua ya njano, jasho likimchuruzika kipajini. Mama mmoja alikuwa ameshakubali gitaa, ameshafungua na pochi, ndipo sauti ikatoka nyuma yake.

"Shikamoo mama. Samahani, usilinunue hilo. Shingo imepinda."

Ester akainua macho. Kijana mrefu, shati lake limenyooshwa pasi likasimama kama karatasi, lakini viatu vimeganda tope jekundu la milimani.

"Kaka, wewe ni nani unanifukuzia wateja?"

"Mwalimu."

"Mwalimu wa nini? Wa kuharibu biashara za watu?"

"Wa muziki, dada. Naitwa Laurenti, kwetu Matombo, nafundisha watoto hapa Mafiga." Alisema hivyo huku amelinyanyua lile gitaa, amefumba jicho moja, anachungulia shingo yake kama mtu anayelenga ndege kwa manati. "Njoo uone mwenyewe."

Ester akachungulia. Kweli, shingo ilikuwa imejikunja.

"Ndizi hiyo!" mtu akapiga kelele mlangoni. "Tena mzuzu, ya kukaanga!"

Duka zima likacheka. Ester uso ulimwaka moto, lakini papo hapo akalikumbuka neno la baba yake. Mzee Jonathan aliweka benchi pale dukani, benchi la mninga, na hakuna mteja aliyeruhusiwa kulikalia. Lilikuwa la walimu. "Mteja ananunua anakwenda zake," mzee alikuwa akisema, "mwalimu anakuletea darasa zima." Tangu azikwe, benchi lile lilikuwa limegeuzwa mahali pa kurundikia maboksi.

Ester akayashusha maboksi moja moja, akapangusa vumbi kwa upindo wa kitenge.

"Kaa hapo, mwalimu. Unakunywa chai ya tangawizi?"

"Ya kunikaribisha au ya kunifukuza?"

"Onja kwanza."

Akaonja. Akarudi kesho yake, na keshokutwa.

Wakapanga utaratibu wao. Kila gitaa likiingia dukani, Laurenti analikagua: shingo, nyuzi, na lile daraja la mti linaloshikilia nyuzi chini. Likifaa, anabandika kiplasta cheupe nyuma ya kichwa cha gitaa na kukitia vema kwa kalamu nyekundu, kama anavyosahihisha daftari. Alikuwa wa mkono wa kushoto, kwa hiyo mkia wa vema yake ulilalia kushoto, tofauti na wa walimu wengine. Wazazi wakazoea. "Lina vema?" wanauliza. Lisipokuwa nayo, hawaligusi. Na walimu wengine wakaanza kuja: mzee Ahmadi wa vinanda, na dada Joyce wa kwaya, mnene, mcheshi, mwenye mdomo usiojua kunong'ona. Ester akajua kila mmoja anapenda nyuzi za aina gani, akawatunzia. Mzazi akinunua chombo, anaelekezwa kwa mwalimu. Mwalimu akipata mwanafunzi, anamleta dukani. Alhamisi watoto wanapigia uani, wapita njia wanasimama kusikiliza.

Lakini Laurenti hakutaka kupokea chochote kwa kazi ile ya ukaguzi, hata soda.

"Mbona unaringa hivyo?" Ester akamtania.

"Nikipokea, vema itakuwa yako. Nataka ibaki yangu. Sina shamba mjini, sina nyumba, nina jina tu."

"Na mimi je? Mimi huna?"

Laurenti akainama kukaza uzi ambao ulikuwa umekazwa tayari. "Wewe bado nakukagua."

Ester akamtupia tambara la vumbi. Ndivyo walivyopendana, ndugu yangu, kwa utani na kwa tambara. Laurenti akienda Matombo kumwona mama yake, alirudi na mdalasini na pilipili manga vimefungwa kwenye gazeti, na duka zima likanukia kama jiko la sikukuu.

Novemba mama yake Laurenti akaugua. Laurenti akapanda kwao, na huku nyuma magitaa ya watoto yakafika, kumi na mawili, ya onyesho la Desemba. Ester akampigia simu.

"Haloo, laazizi. Mama anaendeleaje?"

"Leo amekunywa uji. Amekuulizia."

"Mwambie shikamoo yake nimeiweka. Mpenzi, magitaa yamefika. Wazazi wamejazana hapa."

"Nashuka Jumatatu, barabara ikikauka. Ester, usitoe hata moja ambalo halijapita mkononi mwangu."

"Sawa."

"Sema vizuri."

"Sawa, mwalimu wangu, nimesikia!"

Jumatatu mvua ikapiga, barabara ya Matombo ikageuka uji. Jumanne ikapiga tena. Jumatano Abdulatif, muuza vipuri vya malori, mtu wa sauti kubwa na roho ya haraka, akagonga meza. "Mwanangu Mwanvita anajifunzia hewani? Kesho naagiza Dar, na wenzangu wote nawaambia waagize Dar."

Ester akaingia stoo, akafunga mlango. Akachukua kiplasta na kalamu nyekundu. Magitaa kumi na moja akayachungulia kama alivyofundishwa, akaona yako sawa, akatia vema. La kumi na mbili, alipopitisha kidole kwenye daraja, ukucha ukaingia. Upenyo mdogo tu, wa unene wa karatasi. Akasimama nalo kitambo. Nje Abdulatif alikuwa anakohoa kikohozi cha mtu aliyechoka kungoja.

Akatia vema.

Laurenti aliteremka siku moja kabla ya onyesho, amekonda kwa kumuuguza mama. Joyce alikuwa amemshikia darasa.

"Magitaa?"

"Nimeyatoa. Niliyakagua mwenyewe, kama ulivyonifundisha."

Akatabasamu. "Haya. Kesho vaa lile gauni la kijani. Ukae mstari wa mbele. Usichelewe."

"Kuna nini?"

"Mwanamke wewe! Huwezi kusubiri hata hadi kesho?"

Ukumbi pale Mafiga ulijaa pomoni. Ester na gauni lake la kijani alikaa mbele. Alipogeuka kutazama watu, alimwona mzee mmoja asiyemfahamu mstari wa nyuma, koti la kaki limefungwa vifungo vyote kwenye joto lile, kikapu cha ndizi mbivu magotini. Watoto wakapiga wimbo wa kwanza, wa pili. Wa tatu ulikuwa zamu ya Mwanvita peke yake, miaka kumi, ribini nyeupe kichwani. Alipofika katikati, daraja likang'oka. Nyuzi zikafyatuka zote kwa pamoja, moja ikamchapa chini ya jicho. Damu kwenye ribini. Mtoto hakulia mara moja. Alishangaa kwanza, ndipo akalia.

Abdulatif akaruka jukwaani, akalinyakua gitaa, akaligeuza. "Vema hii hapa! Mwalimu, si umetuambia vema yako ni kiapo?"

Laurenti akalipokea. Akaitazama ile vema. Kisha akamtazama Ester, akamtazama kwa utulivu, kama mtu aliyemshikia mwenzake mlango apite.

Ester magoti yakataka kunyanyuka. Akaliona duka la baba yake limefungwa kufuli, akawaona wazazi wanatema mate kizingitini. Magoti yakakaa.

"Vema ni yangu," Laurenti akasema.

Mtoto alishonwa nyuzi nne, jicho likapona, kovu likabaki. Gitaa hakutaka kuliona tena. Mjini yakaenea maneno: mwalimu alikuwa anakula na wauzaji wa jumla, alipitisha mbovu harakaharaka kabla ya kupanda kwao. Yeye, ambaye hata soda hakuipokea! Kufikia Krismasi hakuwa na mwanafunzi hata mmoja.

Ester alimpigia simu mara tatu.

"Umekula?"

"Nimekula."

Wanasikilizana pumzi.

"Una kingine cha kuniambia, Ester?"

"Hapana. Nilitaka kukusikia tu."

Ya nne haikupokelewa. Laurenti alikwisharudi Matombo, anafundisha watoto wa huko na kulima migomba.

Na duka? Duka lilistawi. Huo ndio uchungu wenyewe. Watu walimwonea huruma dada Ester aliyedanganywa na mwalimu mjanja. Joyce peke yake, siku moja pale kwenye benchi, aliinuka akaligeuza gitaa la ukutani, akakitazama kiplasta cha zamani chenye vema ya Laurenti, akalirudisha.

"Mficha uchi hazai, mdogo wangu."

"Una maana gani, da Joyce?"

"Sina maana. Niongezee chai."

Ester akammiminia, nusu ikaingia kwenye sahani.

Mwaka mzima ukapita. Jumamosi nyingine ya Januari, duka limejaa vilevile, Laurenti akaingia. Shati limenyooshwa pasi, viatu vina tope lilelile.

"Habari, dada," akasema. Dada! "Naomba nyuzi, seti sita."

Alipokuwa akisubiri, mkono wake wa kushoto ukaenda wenyewe kwenye gitaa lililokuwa kaunta, kuligusa daraja. Mama aliyekuwa analinunua akalivuta.

"Mwalimu, tafadhali. Usiguse la mwanangu."

Abdulatif naye alikuwepo, anamnunulia filimbi mtoto wake mdogo, anayemfuata Mwanvita. "Huyu ana uso wa kuingia humu bado?"

Laurenti akaurudisha mkono taratibu, akauficha mfukoni. Kuuona mkono ule unajificha ndiko kulikomvunja Ester.

"Ni mimi," akasema. Sauti haikutoka. Akarudia, akapaza. "Vema ile niliiandika mimi! Yeye alikuwa Matombo anamuuguza mama yake. Alinikataza. Ukucha uliingia kwenye lile daraja, nikajua, nikatia vema."

Abdulatif akaiweka filimbi mezani polepole.

"Mwaka mzima, dada? Mwaka mzima unaniacha namtukana mtu wa watu?" Akamgeukia Laurenti, akainamisha kichwa. Akatoka. Yule mama akalirudisha gitaa ukutani, akatoka. Mmoja mmoja, mpaka duka likabaki tupu.

Laurenti akazichukua nyuzi zake. Mlangoni Ester akamwita.

"Ulijua."

"Mkono wangu ni wa kushoto, Ester. Nilijua kabla damu ya mtoto haijafutwa."

"Sasa mbona ulijitwisha?"

"Nilikushikia tu. Nilidhani utanyanyuka uipokee."

Ester akafuta machozi kwa kiganja. "Nifanye nini, Laurenti? Niambie unataka nini, nitafanya."

Laurenti akatazama juu, ambako mawingu yalikuwa yameufunika Uluguru mpaka kiunoni.

"Unamkumbuka yule mzee wa koti la kaki, mstari wa nyuma?"

"Mwenye kikapu cha ndizi?"

"Mjomba wangu. Mfukoni alikuwa na barua ya posa. Wimbo wa nne ulikuwa wako, watoto niliwafundisha kwa siri." Sauti yake haikuwa na hasira hata chembe, na heri ingekuwa nayo. "Nilitaka nikuoe, Ester."