Sadaka Iliyofutwa Jalsuri

Karatasi ya kwanza ilitoka kwenye printa ikiwa imelowa. Maribel Huarachi Condo aliigusa ukingoni, akadhani wino umezidi, akaitupa na kuchapa nyingine. Nayo ikatoka imelowa. Ilikuwa mchana, jua la mji wa Oruro lilikuwa likichoma mabati, na chumbani mle mwa kazi hamkuwa na hata glasi ya maji. Aliinua karatasi mpaka puani. Ilinuka tope la chini ya jiwe.

Lilikuwa jalada la albamu ya Wilfredo Llanque Choquetopa, mpiga charango, lile gita dogo la nyuzi kumi. Maribel hakuajiriwa na mtu. Alisanifu nyumbani kwake kwa yeyote aliyebisha hodi, na kwa kuwa Kanivali ilikaribia, walibisha wengi: chama cha wacheza ngoma ya mashetani, kikundi cha vikaragosi, bendi mbili za matarumbeta zilizogombana, kila moja ikitaka herufi kubwa kuliko za mwenzake. Kwenye kazi zote hizo jina lake liliandikwa vibaya au liliachwa kabisa. Wilfredo peke yake ndiye aliyesema, "Jina lako liandike lote, dada, na koo zote mbili, wa baba na wa mama. Tena liweke mbele, watu walione." Maribel alifurahi siku nzima.

Picha yenyewe Wilfredo aliipiga kwa simu katika chemchemi ya Jalsuri. Kabla ya Kanivali wanamuziki huziacha ala zao mpya kando ya maji yale, wakazizungushia majani ya koka, peremende za rangi, utepe na kichupa cha pombe kali, kisha wakaondoka bila kugeuka nyuma, na kuzifuata asubuhi. Sirinu, jini wa chemchemi, huja akala, akazikaza nyuzi kwa mkono wake mwenyewe, na kuacha ndani yake wimbo ambao haujapata kupigwa na mtu. Wilfredo alirudi na wimbo. Ulikuwa mzuri kiasi cha kutia uchungu, na redio zilikwisha kuupiga kabla albamu haijatoka.

"Ila huo uchafu uondoe," alimwambia Maribel alipomletea picha. "Majani, peremende, hicho kichupa. Watu wa La Paz watatuona washamba."

Maribel aliuondoa. Alikata kipande cha mwamba safi hapa, akakibandika juu ya jani pale, akalainisha kingo, mpaka charango ikabaki peke yake juu ya jiwe tupu. Aliisifu kazi yake mwenyewe.

Sasa, akiwa na karatasi ya tatu mkononi, alisikia mtu akikaza uzi. Sauti ilipanda, ikashuka, ikapanda tena, kama ya fundi asiyeridhika. Spika za kompyuta zilikuwa zimechomolewa.

"Noemí, zima simu."

Binti yake wa miaka sita alikuwa amekaa sakafuni nyuma yake na penseli zake. Hakujibu.

"Noemí! Nasema nawe!"

Maribel aligeuka. Mtoto alikuwa amemkazia macho bila kumwona, midomo imefumbwa, nywele zikimlowa na kutiririka mabegani kama ametolewa mtoni dakika ile ile, na ule wimbo wa Wilfredo ulikuwa ukitoka kifuani mwake, si kwa sauti ya mtoto wala ya mtu, bali kwa sauti ya nyuzi, zikikazwa na kulegezwa, zikikazwa na kulegezwa, huku kila zikikazwa shingo yake nyembamba ikinyooka na kila zikilegezwa kichwa kikaanguka, na Maribel alipomkumbatia ili akizuie kichwa kile alihisi chini ya gauni ubaridi wa jiwe lisiloonwa na jua.

Bibi Eulalia Ticona, mganga wa mtaa, aliletwa kutoka kwenye kibanda chake cha dawa sokoni. Hakumgusa mtoto. Alinusa chumba, akaokota karatasi moja sakafuni, akaitazama kwa muda.

"Nani kafuta?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Kafuta nini, bibi?"

"Usinichezee, binti. Chakula cha mwenyewe kiko wapi?"

"Hiyo ni picha tu, Bibi Eulalia. Chakula chenyewe alikila hukohuko."

"Picha tu! Na huyu hapa naye ni picha tu?" Mganga aliipunga karatasi usoni pake. "Anaonyeshwa mji mzima bila sadaka yake, kama jini wa kuombwa bure! Umemnyang'anya sahani mbele ya watu, kisha ukatia jina. Na koo zote mbili! Hata mwizi wa kuku hana ujeuri huo."

"Niliambiwa nifute."

"Mkono ni wa nani?"

Maribel alikwenda akamfunika Noemí shuka.

"Ameichukua roho ya mtoto rehani," Bibi Eulalia alisema. "Huo wimbo ukipigwa mbele ya watu chini ya picha hii, rehani imekwenda. Haikombolewi tena."

Uzinduzi wa albamu ulikuwa kesho yake.

Maribel alimwacha mtoto kwa mganga, akatoka mbio bila hata kuvaa kofia. Alimkuta Wilfredo nyumbani kwao akifanya mazoezi, na mama yake, Bi Casimira Choquetopa, akikoroga sufuria ya api, uji ule wa mahindi ya zambarau.

"Ahirisha," Maribel alisema akihema. "Noemí amechukuliwa. Ahirisha mpaka nirudishe ile sadaka kwenye picha."

"Pole sana, dada. Lakini tiketi zimekwisha."

"Wilfredo, mwanangu haitiki jina lake!"

"Mimi sikugusa kitu." Aliweka charango magotini kwa utaratibu. "Niliweka sadaka, nikaondoka, sikugeuka. Nimemaliza upande wangu. Aliyefuta ni wewe."

Ndipo Maribel alipoelewa kwa nini mtu yule, peke yake kati ya wateja wote, alilitaka jina lake liandikwe lote na liwekwe mbele.

"Ulijua," alisema.

"Nani asiyejua? Kwani wewe umezaliwa wapi, Ulaya?" Wilfredo alicheka kidogo. "Na ulifurahi, au nasema uongo? Ulichanua kama bibi harusi."

"Mwanangu," Bi Casimira alisema kwa woga, "mtoto wa watu jamani..."

"Mama, lete api."

Bi Casimira alimtazama Maribel, kisha akainama akamimina api.

Maribel alirudi nyumbani, hofu yake imegeuka kuwa ghadhabu. Alikaa kwenye kompyuta na kurudisha vyote alivyovitoa: majani, peremende, utepe, kichupa. Akaipeleka picha kwenye kiwanda cha uchapaji na kuwaapia kwamba wakitoa ile ya zamani atawachoma moto. Walimtazama uso, wakabadilisha.

"Sasa tumpelekee yeye mwenyewe," Bibi Eulalia alisema. "Lakini sikia, binti. Akishakula atakuuliza ni nani aliyeagiza. Ukinyamaza, mtoto atarudi na yatakuwa yamekwisha. Ukitaja mtu, atamfuata. Mimi nakushauri unyamaze."

Walifika Jalsuri jioni hiyo, jua likielekea kuzama, Maribel akiwa amembeba Noemí mgongoni kwa shuka. Alitandika picha mpya juu ya mwamba, akaizungushia sadaka ya kweli, akageuka na kuanza kuondoka huku mganga akipiga kengele yake ndogo na kuliita jina la mtoto. Nyuma yao maji yalinyamaza. Kisha zikasikika peremende zikitafunwa, taratibu, moja baada ya nyingine, na harufu ya tope ikawapanda miguuni mpaka vifuani, na nyayo zilizolowa zikaanza kuwafuata juu ya mawe, zikisimama wakisimama, zikienda wakienda, zikikaribia mpaka Maribel akahisi pumzi baridi ikipita kati ya shingo yake na uso wa mwanawe, na papo hapo mzigo mgongoni, uliokuwa mzito kama gunia la mchanga, ukawa mwepesi na wenye joto, ukapiga chafya.

"Mama," Noemí alisema, "viatu vyangu vimelowa."

"Asante, Mungu wangu," Bibi Eulalia alinong'ona, akamshika Maribel mkono. "Twende. Yamekwisha."

Nyuma ya sikio la Maribel sauti ya nyuzi iliuliza, *Nani?*

"Nyamaza, binti. Mtoto unaye."

*Nani?*

Maribel aliuona uso wa Wilfredo ukicheka. "Wilfredo Llanque Choquetopa," alijibu kwa sauti kubwa, silabi kwa silabi, na akaongeza na mtaa anaokaa.

Siku ya uzinduzi Wilfredo alipanda jukwaani, akaketi, akakaza uzi wa kwanza. Akaulegeza. Akaukaza. Watu walicheka, kisha wakapiga miluzi, kisha wakanyamaza, maana maji yalikuwa yakimdondoka kwenye mikono ya koti. Walimwondoa akiwa bado anakaza na kulegeza, na hata walipomnyang'anya charango vidole havikuacha.

Kanivali ilipopita, Bi Casimira Choquetopa alikuja mlangoni kwa Maribel. Alikuwa amekonda. Mkononi alishika koti la mwanawe, lile ambalo alikuwa akizunguka nalo mjini akiita roho yake irudi.

"Kuna mtu alimtaja mwanangu," alisema. "Bibi Eulalia kakataa kuniambia. Unamjua?"

Ghadhabu ya Maribel ilikuwa bado haijapoa. "Mimi," alisema. "Mimi Maribel Huarachi Condo ndiye niliyemtaja. Na wewe ulikuwa ukimimina api."

Bi Casimira hakulia wala hakumlaani. Aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepewa bei ya kitu.

"Nilidhani hivyo," alisema. "Lakini nilitaka nilisikie jina kwa mdomo wako. Nimempelekea Sirinu chakula, amekula. Bado ananiuliza ni nani."

Akalikunja koti vizuri, akalipakata, akashuka kuelekea njia ya Jalsuri. Maribel alimwita. Akamwita tena, akatoka barabarani akikimbia na kupiga kelele. Bi Casimira hakugeuka nyuma.