Wimbo wa Harusi ya Mwalimu Juliana

Kila Jumamosi, baada ya kufua sare zake na kuzianika, Salha alikwenda kumsaidia baba yake kwenye kibanda cha kanda karibu na stendi ya mabasi ya Makambako. Baba yake, Bwana Bashiru, alitoka Kondoa akiwa kijana. Alianza kwa kuuza chumvi, kisha nguo. Biashara ilipofunguliwa na bidhaa za nje zikaanza kujaa madukani, akahamia kwenye redio na kanda. Kibanda chake kilikuwa kidogo, lakini muziki wake ulisikika hadi ng'ambo ya barabara kuu. Madereva wa malori ya Zambia walisimama hapo kununua nyimbo za kusikiliza njiani, na abiria walioshuka kwenye treni walikuja kutafuta betri.

Salha alikuwa darasa la sita. Marafiki zake wawili, Feliciana na Basil, walimfuata kibandani kila Jumamosi, na mchezo wao ulikuwa kubadilishana nyimbo. Kila mmoja alileta wimbo aliokuwa akiupenda wiki hiyo, akawafundisha wenzake. Feliciana, ambaye wazazi wake walihama Makete wakaja kulima Mahongole, alileta nyimbo za kwaya ya kanisani kwao. Basil alileta nyimbo za Kibena alizozisikia kwa bibi yake wakati wa kupukuchua mahindi, na alizipigia ndoo ya plastiki kwa ufundi ambao uliwafanya hata wapiga debe wa stendi watikise mabega. Salha alileta nyimbo mpya kutoka kwenye kanda. Bwana Bashiru hakuwafukuza, kwa kuwa wateja walipenda kusimama kuwatazama.

Siku moja Salha aliwaletea wimbo wa Kilingala. Gitaa lake lilikuwa jepesi na tamu, na kibwagizo chake kilikuwa rahisi kushika: "Kende, mama, kende." Kabla kanda haijafika mwisho, Basil alikwisha kuupata mdundo, na Feliciana alikuwa akiitikia sauti ya pili.

Kisha Feliciana akauliza wimbo ule ulikuwa unasema nini.

Salha hakujua hata neno moja. Lakini yeye ndiye mwenye kanda, mtoto wa mwenye duka, na wenzake walikuwa wakimtazama kama mtu anayejua kila kitu kuhusu muziki. Aliona aibu kusema hajui.

"Ni wimbo wa harusi," alijibu. "Ndugu wa bwana harusi wanamkaribisha bibi harusi. Kende maana yake karibu. Karibu, mama, karibu."

Maneno yalimtoka kwa urahisi hata yeye mwenyewe akashangaa.

Jambo lile lingeishia pale kibandani, lakini Jumatatu waliimba tena wakati wa mapumziko, chini ya dirisha la ofisi ya walimu. Mwalimu Germana, aliyekuwa akifundisha muziki, akatoka nje na kikombe chake cha chai mkononi. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza maana. Feliciana alimweleza kama alivyoelezwa na Salha. Mwalimu Germana alifurahi sana. Mwalimu Juliana, aliyewafundisha darasa la kwanza mpaka la tatu, na aliyependwa kuliko walimu wote pale shuleni, alikuwa anakaribia kufunga ndoa mjini Njombe. Walimu walikuwa wanatafuta zawadi ya wanafunzi. Zawadi hiyo sasa ilikuwa imepatikana.

Wanafunzi kumi na wawili walichaguliwa, na Salha akapewa nafasi ya kuongoza. Walifanya mazoezi kila jioni baada ya kufagia madarasa. Mama wa Feliciana alishona vilemba vya kitenge kwa wasichana, na Bwana Luqmani, rafiki wa baba yake Salha, aliahidi kuwapeleka Njombe kwa pikapu yake. Kila mtu alikuwa akiuimba ule wimbo, hata wale ambao hawakuchaguliwa. Salha naye alikuwa ameusema uongo wake mara nyingi mno, hata alianza kuuamini.

Alhamisi, siku mbili kabla ya harusi, Salha alikuwa peke yake kibandani. Baba yake alikuwa amekwenda msikitini kuswali alasiri. Salha alikuwa akipanga kanda huku akiimba, mara mama mmoja mnene aliyejifunga vitenge viwili akasimama kununua betri. Alikuwa mfanyabiashara kutoka Lubumbashi, anasafiri kwenda Dar es Salaam. Alimsikiliza Salha, akaanza kutabasamu, kisha akacheka mpaka akashika meza.

"Mtoto," alisema kwa Kiswahili cha kwao, "unajua maneno yenye unaimba?"

Salha akajibu kwamba ni wimbo wa harusi. Yule mama alicheka tena, akafuta machozi, akamfafanulia taratibu. Wimbo ulikuwa wa mume aliyemkasirikia mkewe kwa sababu ameunguza chakula. Mume anamfukuza. Anamwambia achukue sufuria zake na mkeka wake arudi kwao. Kende maana yake ni nenda. Nenda, mama, nenda, mlango uko wazi.

Mama yule alilipa, akachukua betri zake, akaenda zake akiendelea kucheka. Salha alibaki amesimama na kanda mkononi. Akilini alimwona Mwalimu Juliana mbele ya wakwe zake, amevaa shela, na wanafunzi wake mwenyewe wamejipanga kwa vilemba vipya, wanamwambia achukue sufuria zake aende.

Wazo la kwanza lililomjia lilikuwa kunyamaza. Nani Njombe angejua Kilingala? Watu wangepiga vigelegele, wangekula wali, na mambo yangekwisha. Wazo la pili lilikuwa kujifanya anaumwa koo ili asiende, lakini akakumbuka kwamba wenzake wangeimba tu bila yeye. Kila njia aliyoifikiria ilimhitaji aongeze uongo mwingine juu ya ule wa kwanza.

Bwana Bashiru aliporudi alimkuta binti yake ameizima redio. Kwa kuwa jambo hilo halikuwa la kawaida, alimuuliza kulikoni. Salha akamweleza yote, kuanzia swali la Feliciana.

Baba yake hakugomba. Alivuta kigoda akaketi.

"Mimi nauza kanda hizi miaka mingi," alisema. "Nusu ya nyimbo zake sielewi zinasema nini. Mteja akiniuliza, namwambia sijui. Bado hajatokea aliyeacha kununua kwangu kwa sababu hiyo."

"Sasa nifanye nini, baba?"

"Mwalimu wako anakaa karibu. Mkimbilie kabla hajapika chakula cha jioni."

Salha alikimbia. Mwalimu Germana alikuwa uani anamenya viazi. Salha alimwamkia. Kisha akasema kila kitu kwa mkupuo mmoja, macho yake yakiwa kwenye maganda ya viazi. Mwalimu Germana aliweka kisu chini. Uso wake ulikuwa mkali, lakini mdomo ulikuwa unamcheza pembeni, kana kwamba anajizuia asicheke.

"Asante kwa kuja leo," alisema mwishowe. "Ungekuja Jumapili, asante hiyo usingeipata. Kesho asubuhi utawaambia wenzako mwenyewe. Mimi sitakusemea."

Asubuhi ya Ijumaa ilikuwa na ukungu na baridi, na Salha aliona heri ukungu ule ungemfunika kabisa. Aliwaambia wenzake. Wengine waliguna, wengine wakacheka. Basil alikasirika. Alisema amepiga ndoo mpaka vidole vimeota sugu kwa ajili ya wimbo wa kufukuzana. Salha alimwomba radhi mbele ya wote, kisha akamgeukia Feliciana, kwa kuwa ndiye aliyedanganywa kwanza, na kupitia mdomo wake uongo ukamfikia mwalimu.

Feliciana alimpa mgongo. Salha alidhani urafiki umeishia hapo.

"Wewe umekosa," Feliciana alisema. "Lakini tuni haijakosa kitu. Kwa nini tusiitie maneno yetu?"

Mwalimu Germana alipiga makofi kwa furaha. Kwaya nyingi hufanya hivyo, aliwaambia, na hata bendi kubwa hupiga nyimbo za wenzao kwa namna yao, mradi waseme wazi zimetoka wapi. Lakini aliwaonya kwamba siku iliyobaki ni moja tu, na kazi yake si ndogo.

Walifanya kazi siku nzima, kila walipopata nafasi, na jioni wakahamia kibandani kwa Bwana Bashiru. Salha alirudisha kanda nyuma mara nyingi kiasi kwamba baba yake alianza kuihurumia redio kaseti. Alihesabu kwa vidole sauti za kila mstari, akawaambia wenzake ni maneno marefu kiasi gani yanaweza kukaa pale. Basil, aliyekuwa ameanza kusahau hasira yake, alisema kibwagizo kiwe cha salamu ya Kibena, kwa kuwa bwana harusi, Bwana Frederick, alikuwa wa Njombe. Wakajaribu "Kamwene, mama, kamwene." Haikukaa. Neno lilikuwa refu kuliko kende, likawa linaachwa nyuma na mdundo kama mtu aliyekosa basi. Basil akapunguza mwendo wa ndoo, akaongeza pigo moja katikati, na mara likatulia. Mtu aliyekuwa akisubiri gari alianza kuitikia, na wote wakajua kwamba wimbo umepatikana.

Jumamosi pikapu ya Bwana Luqmani iliwapeleka Njombe, wamejifunika makoti na mablanketi kwa upepo wa njiani, huku wakirudia maneno ili wasiyasahau. Ukumbi ulikuwa umejaa. Zamu yao ilipofika, Mwalimu Germana alimsogezea Salha kipaza sauti, akamwambia azungumze kwanza.

"Tuni ya wimbo huu si yetu," Salha alisema. "Ni ya wanamuziki wa Kongo, na kwao maneno ni mengine kabisa. Mimi niliwadanganya wenzangu kuhusu maana yake. Walinisamehe, na maneno haya mapya tumeyatunga pamoja kwa ajili ya Mwalimu Juliana."

Basil akaanzisha mdundo, na wakaimba:

Kamwene, mama, kamwene,
Ingia kwetu nyumbani,
Moto unawaka jikoni,
Viazi vimo chunguni.

Mwanzoni watu walisikiliza tu. Kibwagizo kilipokuja mara ya pili, shangazi wa bwana harusi alisimama akapiga kigelegele, na meza nzima ya kwao ikaitikia. Mara ya tatu ukumbi wote ulikuwa umesimama. Mwalimu Juliana aliinua shela lake ili lisimsumbue, akashuka kwenye jukwaa, akacheza katikati ya wanafunzi wake, na Bwana Frederick akamfuata akicheza vibaya lakini kwa moyo wote. Walitakiwa kuimba mara moja. Waliimba mara tatu. Baadaye, walipokwenda nyuma ya ukumbi kupewa chakula, walikuta wapishi nao wanauimba huku wakigeuza wali, na mistari wameibadilisha: viazi vimeondoka, sasa ni nyama.

Mzee mmoja mwenye kofia ya sufu aliwafuata pale walipokuwa wakila. Alijitambulisha kuwa ni Mzee Sila, baba mdogo wa bwana harusi, na kwamba miaka mingi aliendesha lori hadi Kongo. Alimwinamia Salha.

"Nilipowasikia nje, kabla ya zamu yenu, mkiiga kwa midomo gitaa la ule wimbo, nilishika kichwa," alisema. "Nikajiuliza, hawa watoto wametumwa na nani kuja kumfukuza mke wetu? Ungeimba ule wa mwanzo, mjukuu wangu, mimi ningekuwa wa kwanza kusimama kuwanyamazisha."

Watoto walicheka mpaka wali ukamwagika. Salha alicheka pia. Kumbe Njombe alikuwepo aliyejua.

Mwalimu Germana, aliyekuwa amesikia, aliweka sahani yake magotini.

"Kutojua si kosa," aliwaambia. "Kila mmoja wetu kuna mambo hayajui, na mimi mwalimu wenu niliupokea wimbo bila kuuliza vizuri, basi nami nimejifunza. Kosa ni kuziba pengo la kutojua kwa uongo, maana atakayeanguka ndani yake si wewe peke yako. Na kuhusu nyimbo, chukueni nzuri za wenzenu, zipigeni, zifurahieni. Ila mtajeni mwenyewe, mjue mnachokiimba, na mtie jasho lenu. Leo mmetia jasho, na mmeona watu walivyocheza."

Ndani ya ukumbi bendi ilianza kupiga wimbo mwingine wa Kilingala. Msichana mdogo wa pale Njombe, aliyekuwa amemganda Salha tangu walipomaliza kuimba, alimvuta kilemba akamuuliza wimbo huo unasema nini.

"Sijui," Salha alijibu, na neno hilo lilitoka jepesi. "Lakini Mzee Sila anajua. Twende tukamuulize, halafu tucheze."