Manusos Wanne na Simu ya Mama

Kila asubuhi kabla ya shule, Rodanthi alishuka hadi kwenye kiwanda cha jibini cha mama yake, akaosha ndoo za maziwa na kuzipanga ukutani zikiwa kichwa chini. Kilikuwa kiwanda cha chumba kimoja, nje kidogo ya kijiji cha Meriza, katika milima ya Krete. Saa hizo mama yake, Argiro, alikuwa ameshawasha jiko, na mashine ya kukoroga ilikuwa ikizunguka ndani ya sufuria kubwa ya kutosha kumwogeshea ndama.

Simu ya Argiro haikuwa na adabu. Iliita wakati mikono yake imezama ndani ya maziwa hadi viwikoni, na ilinyamaza alipomaliza kujifuta.

"Anayenitaka angoje niote mkono wa tatu," alizoea kusema.

Mwishowe alishuka mjini Rethimno pamoja na Rodanthi, akanunua hedifoni isiyo na waya. Mwenye duka, mzee mpole mwenye miwani, aliwaonyesha namna inavyotumika: unabonyeza kitufe, hata kwa bega, unataja jina la mtu, na simu inampigia yenyewe. Kisha akamgeukia Rodanthi. "Binti, jaribu kila jina. Tena jaribu pale pale mama anapofanyia kazi, si sebuleni."

"Niachie mimi, mama," Rodanthi alisema walipofika nyumbani. "Ni kazi ya kufumba na kufumbua."

Aliunganisha hedifoni na simu, akasema, "Piga Sifis," na simu ya baba yake ikalia uani. Nje, rafiki yake Garifalia alikuwa akidundisha mpira na kumwita kwa mbinja.

"Umejaribu majina yote?" Argiro aliuliza.

"Yote, mama."

"Hata nikiwa kazini?"

"Hata ukiwa usingizini!" Rodanthi alijibu, akatoka mbio.

Siku chache baadaye alirudi kutoka shuleni akamkuta mama yake ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Mashine imesimama. Ndani ya sufuria, maziwa ambayo yangepaswa kuwa chembe laini za jibini yalikuwa yameshikana kuwa bonge moja gumu.

"Mama, kumetokea nini?"

"Mkanda wa mashine umekatika katikati ya kazi. Nikashika mwiko nikoroge kwa mkono, maana ukiacha kidogo tu, yanashikana. Nikasema, 'Piga Manusos,' aje kunitengenezea. Unajua simu imenijibu nini? 'Fungua simu kwanza.' Niifungue na nini, na pua?"

Rodanthi alijiuma mdomo asicheke.

"Nikafuta mkono mmoja, nikaifungua. 'Piga Manusos.' Ikaniambia, 'Manusos Kaloridakis wapo wanne, unamtaka yupi?' Nikasema, 'Yule fundi!' Ikasema haikunielewa. Nikasema, 'Yule mwenye mikono ya grisi!' Ikampigia yule Manusos polisi, kule Rethimno. Naye akadhani nimevamiwa. 'Mama mdogo, wako wangapi?' Nikamwambia, 'Ni mmoja tu, simu yangu!'"

Hapo Rodanthi alicheka. Kisha akaona kwamba mama yake hacheki.

"Maziwa ya majirani watatu yamekuwa chakula cha nguruwe," Argiro alisema. "Na wiki ijayo ni sikukuu ya mtakatifu wetu. Kijiji kizima kinangoja jibini yangu kwa mikate ya sikukuu, na watu wa bondeni wanakuja kuionja. Mkanda mpya bado haujafika, na fundi, alipopatikana hatimaye, ametufungia ule wa zamani aliouunga." Alichukua hedifoni, akaitupa ndani ya boksi lake. "Kesho narudi kwa yule mwenye duka. Ameniuzia takataka, na nitamwambia hivyo mbele ya wateja wake wote."

Rodanthi akamkumbuka yule mzee wa miwani na maneno yake. Angeweza kunyamaza, na hedifoni ingerudishwa, na mambo yangeishia hapo. Lakini mzee wa watu angetukanwa bure.

"Mama, usiende. Kosa si lake."

"La nani?"

"Langu. Uliponiuliza kama nimejaribu majina yote, nilikuwa nimejaribu moja tu. La baba. Nilitaka kwenda kucheza."

Argiro aliliweka boksi chini. Hakuwa mama wa kupiga kelele.

"Kwa hiyo ulinidanganya."

"Ndiyo, mama. Nisamehe."

"Nimekusikia. Lakini msamaha haukorogi maziwa. Kazi uliyosema imekwisha, haijakwisha. Imalize."

Haikuwa kazi nyepesi. Babu Manusos, baba yake Sifis, ambaye simu ilimjua kama 'Baba' tu, alikuwa na wana watano, na wote isipokuwa Sifis walimpa mwana wao wa kwanza jina la baba yao, kama desturi inavyotaka. Wajukuu hao sasa walikuwa watu wazima, na kila mmoja alijivunia jina hilo kama shamba la urithi. Hakuna ambaye angelibadili kwa ajili ya simu. Kijijini walitofautishwa kwa majina ya utani, tena yaliyotajwa wenyewe wakishapita.

"Nenda ukamwombe kila mmoja ruhusa ana kwa ana," Argiro alimwambia. "Jina la utani likiandikwa kwa siri ni tusi."

Rodanthi alianza na Manusos aendeshaye lori la maziwa.

"Kaka, simu ya mama inawachanganya. Naomba nikuandike kwa jina la... la Kobe."

"Nani ananiita Kobe?"

"Kijiji kizima, kaka."

Manusos akavimba kama chura. Akalitazama lori lake, akaitazama barabara iliyojikunja kama utumbo kushuka mlimani. "Andika," alisema hatimaye. "Lakini mwambie mama yako kwamba Kobe hajawahi kumwaga hata kikombe cha maziwa katika kona zile. Wenye mbio zao na wajitokeze!"

Manusos kinyozi, ambaye kichwa chake kiling'aa kama sahani, alikubali kuwa Kipara. "Ni tangazo zuri. Wateja wanajua kwamba nywele zangu zote nimewagawia wao." Yule polisi alisema Filimbi ni sawa, mradi asipigiwe tena akiwa kazini kwa sababu ya maziwa. Na Manusos fundi alipoulizwa kama ataitwa Spana, alifuta mikono kwenye suruali, akasema, "Mbona umechelewa? Mke wangu mwenyewe ananiita hivyo."

Kisha Rodanthi aliingia kiwandani. Kila jioni aliwasha feni na mashine ya kukoroga ili pawe na kelele zile zile za kazi, akavaa aproni ya mpira na glavu za mama yake, hedifoni masikioni na simu mfukoni, akajaribu. Mara simu ilikaa kimya. Mara ilimpigia kasisi, akabariki kiwanda na kukata. Aligundua kwamba lazima usubiri mlio kabla ya kutaja jina. Aligundua kwamba simu ikiwa chini ya aproni, mawasiliano yanakatika-katika, akaishonea mfuko kwa nje. Alitafuta kwenye mipangilio mpaka akapata mahali pa kuiruhusu ipige hata ikiwa imefungwa. Garifalia alikuja na mpira wake, akangoja, akaondoka. Rodanthi alijaribu jina moja baada ya jingine, na lililokosea alilirudia mpaka likakubali.

Siku moja kabla ya sikukuu, Rodanthi alimfuata babu yake mkahawani. Wajukuu wote wanne walikuwepo, hata Filimbi aliyekuwa likizoni, na Spana alikuwa akicheza bao la dadu na Kipara.

"Hawa wote umewapa majina," babu alinung'unika. "Na mimi umeniandika nani? Kizee?"

Kabla Rodanthi hajajibu, simu ya Spana ililia. Alisikiliza mara moja tu, akaruka.

"Mkanda umekatika tena! Anakoroga kwa mkono!" Akanyakua mkoba wake wa vifaa na kukimbia, dadu zikibiringika sakafuni.

Kila mtu alijua kilichokuwa ndani ya ile sufuria: sikukuu nzima. Rodanthi alitaka kukimbia pia, lakini babu alimshika mkono. Kahawa ya babu ilipoa mezani bila kuguswa.

Kisha simu ikalia. Kobe, Kipara na Filimbi walitia mikono mifukoni kwa pamoja, kama askari. Kila mmoja alitazama simu yake, akairudisha. Iliyolia ilikuwa ile ya zamani ya vitufe, katika mfuko wa shati la babu.

"Manusos ni wewe peke yako, babu," Rodanthi alisema. "Wengine wameazima."

Mzee akajiweka sawa kitini kabla ya kupokea. Hakukuwa na haja ya spika. Sauti ya Argiro ilisikika hadi mlangoni.

"Baba, jibini imepona! Sikuacha kukoroga hata kidogo. Nilisema jina mara moja tu, na Spana amefika kabla sijachoka. Huyo binti yuko hapo? Mwambie anisikilize. Rodanthi! Kazi ambayo hujaijaribu, usiseme umeimaliza. Lakini ukikosea, sema kweli, kisha urudi uifanye mpaka ikubali. Wewe umefanya yote mawili, na kesho kijiji kizima kitakula matunda yake. Haya, njoo uoshe ndoo!"

Simu ikakatika. Kobe akapiga meza, na mkahawa mzima ukacheka. Babu aliirudisha simu mfukoni taratibu, akamtazama mjukuu wake aliyebeba jina la marehemu mkewe.

"Bibi yako Rodanthi naye alikuwa hivyo," alisema. "Hakuipua chungu jikoni mpaka ameonja. Manusos ni wengi hapa, hata simu inapotea. Rodanthi ni mmoja tu, na jina hilo limepata mwenyewe. Sasa nenda, ndoo zinakungoja."

Rodanthi alikwenda, kichwa juu, mbio.