Aliyechukua Nywila ya Stanslaus

Shamba la Mokami liliibwa Ijumaa, saa nane na dakika kumi mchana, bila mtu kulikanyaga. Katika daftari la ardhi lililo kwenye kompyuta ya ofisi ya Nyangoto, jina lake lilifutwa na la Nyangwine, jirani yake, likaandikwa. Jumatatu Nyangwine alifika na vigingi na watu wanne wa kupima.

Inspekta Efrazia Magige alimkuta Mokami amesimama mbele ya mahindi yake, panga mkononi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wenzako wamemkamata Stanslaus. Sawa. Shamba langu je?"

"Wizi ukithibitika, jina lako litarudishwa. Usipothibitika, ni la Nyangwine."

"Basi thibitisha. Nina miaka sabini na tisa. Sina muda wa kusubiri mahakama."

Stanslaus, msajili wa ardhi, alikuwa mahabusu Tarime. Akaunti iliyotumika kubadilisha jina ilikuwa yake.

"Ijumaa mchana ulikuwa wapi?"

"Nyansurura, afande. Tulimzika shemeji yangu. Koleo nilishika mwenyewe, waulize."

Efrazia alikwisha kuwauliza. Watu kumi na wawili, maelezo yaleyale.

"Nywila yako anaijua nani?"

"Hakuna. Niliibadilisha asubuhi ileile, saa mbili na dakika tatu. Ya zamani ilikwisha muda, mashine ikanilazimisha."

"Uliiandika mahali?"

"Wala. Nikapanda pikipiki nikaenda msibani."

Kwa hiyo nywila hiyo ilikuwa na umri wa saa sita ilipotumiwa na mwizi. Ilikuwa imepita mahali pamoja tu: kwenye programu ya kuingilia ya kompyuta ile.

Fundi aliyeisimamia aliitwa Vedasto. Alikuwa na ofisi ndogo Nkende.

"Wazee wa ofisi zile huandika nywila viganjani, afande," alisema akicheka. "Stanslaus kampa mtu yake, sasa analia."

"Wewe ni msimamizi. Huwezi kubadilisha jina bila yeye?"

"Siwezi. Ile inaendeshwa na mfumo wa Linux, na ina sera ya udhibiti. Kila programu ina mipaka yake. Daftari la ardhi linafunguka kwa akaunti ya msajili tu. Hata mimi nazuiwa."

"Na programu ya kuingilia?"

"Inapokea nywila, inailinganisha, inakuruhusu. Haiwezi kuihifadhi pengine. Sera inaikataza."

"Hata mtu akiichezea programu yenyewe?"

"Hata akiichezea. Ndiyo kazi ya sera."

"Isipokuwa sera ikilegezwa."

"Nani ailegeze?"

"Nakuuliza wewe."

Efrazia aliweka karatasi mezani. Kumbukumbu za kompyuta ya Nyangoto zilikuwa zimefutwa, lakini nakala zake hupelekwa mkoani kila dakika tano. Saa moja na dakika hamsini na mbili asubuhi, programu ya kuingilia iliondolewa kizuizi: makosa yake yangeandikwa tu, yasizuiwe. Saa mbili na dakika tatu, Stanslaus alipokuwa anaweka nywila mpya, iliandika faili mahali isiporuhusiwa. Kosa liliandikwa. Halikuzuiwa.

"Mwenye ruhusa ya kulegeza sera ni mmoja," Efrazia alisema. "Nakala hizi ulijua zipo?"

"Nilijua. Za mkoani sina uwezo wa kuzifuta." Alitazama karatasi. "Miaka mitatu, hakuna aliyewahi kuzifungua."

Kituoni Vedasto alipewa onyo kwa mujibu wa sheria. Alikubali kutoa maelezo.

"Nyangwine alikulipa nini?"

"Hakunilipa. Ni baba yangu."

Efrazia aliandika. Mokami hakujaliwa mtoto wa kiume. Kwa desturi ya nyumba ntobhu alitoa ng'ombe wa mahari, akamwoa binti aitwaye Lilian, ili watoto wa Lilian wawe wa nyumba yake. Lilian alimzaa Vedasto. Mwanamume aliyemzalisha hana dai kwa mtoto, wala mtoto hana dai kwake.

"Shuleni walikuwa wananiuliza, baba yako leo kavaa kitenge gani?" Vedasto alisema. "Mwaka huu nikamfuata Nyangwine. Akaniambia, niletee ile ardhi, nitakuita mwanangu mbele ya ukoo."

"Mokami amekuandika mrithi. Shamba lingekuwa lako."

"Najua. Nililiona jina langu humo daftarini. Shamba sikulitaka."

"Na Stanslaus?"

"Nilijua atakamatwa."

Efrazia aligeuza ukurasa wa jalada. "Nyangwine nimemhoji leo asubuhi. Anasema alikuta jina limebadilika, akashukuru Mungu. Anasema wewe hakujui."

"Hawezi kusema hivyo."

"Ametia sahihi."

Vedasto aliyavuta maelezo yale, akayasoma mara mbili, akayarudisha. Nje, askari alikuwa anamfungulia Stanslaus. Jina la Mokami lingerudishwa daftarini kesho yake.

"Tumalize," Efrazia alisema. "Jina kamili?"

"Vedasto Nyangwine."

Inspekta alichukua kitambulisho cha mtuhumiwa kilichokuwa mezani, akanakili kama kilivyoandikwa: Vedasto Mokami.