Mpangilio wa Njuki

Kila Ijumaa baada ya masomo, Njuki aliketi mbele ya kompyuta ya klabu, katika shule yao huko Majimbo mjini Embu, kufanya kazi iliyomchosha kupita maelezo. Klabu ilitengeneza programu ya kuwaambia wakulima siku za kupanda. Kila mwanachama aliandika kwenye nakala yake, na Njuki akaziunganisha nakala zote ziwe moja.

Chombo cha kuunganishia kilikuwa na tabia iliyomkera. Kikikuta watu wawili wameandika mambo tofauti kwenye mstari mmoja, kilisimama na kuuliza: kazi ya nani ibaki? Hapo ilibidi amtafute mwenzake wakubaliane. Na Njuki huyu, jamani, kukubaliana na mtu hakukuwa fani yake.

Ijumaa hiyo wenzake walikuwa tayari uwanjani wakigawana timu za mpira. Njuki akaingia kwenye mipangilio, akakiamuru chombo kisimuulize tena. Penye mgongano wowote, kazi ya Njuki ibaki. Kwenye nakala yake alikuwa amejaza kila kijiji tarehe za shamba la kwao mlimani, ambako hupandwa Machi, ili tu programu isionekane tupu. Dakika mbili akamaliza, akakimbilia uwanjani.

Jumatatu asubuhi Mwalimu Nkirote, mlezi wa klabu, aliijaribu programu mbele ya wote. Mashindano ya kaunti, ambako mwenzao Ruguru angeieleza programu hiyo, yalikuwa keshokutwa. Aliandika Gachoka, eneo kavu la Mbeere, kisha zao la ndengu. Jibu likatoka: panda Machi.

"Ruguru, sehemu ya Mbeere ni yako," alisema. "Si ulisema wakulima wa huko wanategemea mvua ya Oktoba?"

Ruguru alisimama. Likizo nzima alizunguka Gachoka na nyanya yake, shamba kwa shamba, akiuliza na kuandika. "Niliandika Oktoba, Mwalimu. Vijiji vyote kumi na viwili."

"Mbona sioni hata kimoja?"

"Sijui, Mwalimu. Lakini niliandika."

"Siwezi kumpeleka mashindanoni mtu anayenidanganya. Mwenzako Caroline atachukua nafasi yako."

Njuki alijua fika kilichotokea. Akajifanya anapanga vitabu mkobani.

Walipotoka, Ruguru alimfuata. "Njuki, wewe ndiye huunganisha. Uliiona kazi yangu?"

"Sikumbuki," akajibu. Uongo mtupu, tena kwa mtu aliyemwamini.

Mchana aliiacha githeri yake ya mahindi na maharagwe sahanini. Mara mbili alifika mlangoni pa ofisi ya walimu, na mara mbili akarudi nyuma. Alimwona Ruguru amekaa peke yake, macho mekundu, akifungua daftari lake la likizo na kulifunga. Aibu ikamshika kweli kweli. Mara ya tatu akaingia.

"Mwalimu, Ruguru hakudanganya. Ni mimi," akasema, akaeleza yote.

Mwalimu Nkirote alimwongoza hadi kwenye kompyuta ya klabu. Kisha akafungua kumbukumbu ya chombo, mahali nakala zote za zamani huhifadhiwa. Nakala ya Ruguru ilikuwemo, vijiji kumi na viwili. Akamwita Ruguru, naye akairudisha kazi yake mstari kwa mstari, Njuki akiwa kando yake. Chombo nacho wakakipanga upya: mistari isiyogongana kiiunganishe chenyewe, inayogongana kisimame kiulize.

"Ruguru, nisamehe," Mwalimu alisema. "Nilipaswa kutazama humu kabla ya kukuhukumu. Keshokutwa unakwenda."

Kisha akamgeukia Njuki. "Chombo kilipokuuliza, hakikuwa kinakuchelewesha. Kilikuwa kinakuambia kuna mtu mwingine naye amefanya kazi. Ukiwa na wenzako, usijifanye wewe ndiye jibu la kila swali. Na ukikosea, sema siku hiyo hiyo. Tarehe tumezirudisha kwa dakika kumi. Lakini Ruguru ameitwa mwongo mbele ya klabu nzima, na hilo kompyuta haiwezi kulirudisha. Kesho asubuhi tutasimama mbele yao, wewe na mimi, tuseme wazi kwamba hakudanganya."